Kiswahili Mbele ya Kichupa cha Maabara: Istilahi za Protini Inayofumbata Vitamini A



1. Utangulizi

Mihadhara ya umma kuhusu taaluma za Kiswahili aghalabu hushughulikia ushairi, sarufi, lahaja au historia ya lugha. Mimi nimechagua matini fupi sana ambayo haijapata kuhakikiwa na mwanafasihi yeyote, nayo ni lebo ya kichupa cha maabara.

Kichupa chenyewe huuzwa na kampuni mbalimbali zinazotengeneza vifaa vya utafiti wa kibiolojia. Ndani yake mna unga mweupe uliokaushwa katika baridi, wenye uzito wa mikrogramu chache. Lebo yake, ukiondoa namba na tarehe, hubeba maneno machache ya Kiingereza yanayosema mambo matano: kwamba kilichomo ni protini, kwamba protini hiyo hushikamana na retinoli, yaani vitamini A, kwamba ni ya binadamu, kwamba imepatikana kwa njia inayoitwa rekombinanti, na kwamba ni kwa ajili ya utafiti wa maabara tu.

Tukiletewa lebo kama hiyo, swali tulilozoea kuulizwa ni hili: je, Kiswahili kina maneno ya kuyaeleza hayo? Hoja yangu leo ni kwamba swali hilo halijaelekezwa mahali panapostahili. Maneno yanapatikana, kwa kukopa au kwa kuunda. Kazi ngumu imo katika mahusiano baina ya maneno hayo: nani anamshika nani, kipi kimetoka wapi, kipi kimeunganishwa na kipi. Hapo sarufi ya Kiswahili hutudai tuseme wazi yale ambayo Kiingereza huruhusiwa kuyaacha katika kivuli. Kwa hiyo anayeitafsiri lebo hii hana budi kwanza kuielewa sayansi yake. Aidha, kwa yule anayeombwa tone la damu ili sayansi hiyo iendelee, tafsiri njema ni sehemu ya haki yake.

2. Kitu kinachozungumziwa

Istilahi haiundwi hewani. Lazima tukijue kitu ndipo tukipe jina. Vitamini A haiyeyuki katika maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Mwili huihifadhi vitamini hiyo katika ini, na viungo vingine vinapoihitaji, ini huitoa ikiwa imebebwa. Mbebaji wake ni protini ambayo Masamitsu Kanai, Amiram Raz na DeWitt Goodman waliieleza mwaka 1968 kuwa ndiyo isafirishayo vitamini A katika plazima ya damu ya binadamu. Ni mnyororo wa asidi amino 183, wenye uzito wa takriban kilodaltoni 21. Molekuli moja ya protini hubeba molekuli moja ya retinoli, wala haizidi.

Mwaka 1984 Marcia Newcomer na wenzake walichapisha umbo lake kama lilivyoonekana kwa miali ya eksirei. Mnyororo ule umejikunja ukawa mfano wa pipa dogo lenye pande nane. Retinoli huingia ndani ya pipa kwa upande wake wenye pete, na ncha yake ya pili hubaki karibu na mdomo. Katika damu, pipa hilo huambatana na protini nyingine kubwa zaidi, transtairetini, yenye takriban kilodaltoni 55. Kuambatana huko kuna faida: bila ya mwenzake huyo, protini yetu ni ndogo kiasi kwamba figo zingeichuja na kuipoteza katika mkojo.

Jambo moja zaidi ni la msingi. Mwili ukipungukiwa na vitamini A, protini hii hubaki ndani ya ini ikisubiri mzigo. Ndiyo maana kiwango chake katika damu huweza kutumiwa kukadiria kiwango cha vitamini A. Retinoli huharibika kwa mwanga na huhitaji mitambo ya gharama kuipima, ilhali protini hupimwa kwa kingamwili na kwa gharama ndogo. Ili kipimo kiwe sahihi, maabara huhitaji kiasi kinachojulikana cha protini hiyo hiyo, kikiwa safi, kiwe kigezo cha kulinganishia. Hiyo ni mojawapo ya kazi za kichupa chetu. Kazi nyingine ni kuzalisha kingamwili za kufanyia vipimo, na kuchunguza jinsi seli zinavyoipokea vitamini.

3. Mikopo mitatu: protini, vitamini, retinoli

Wako wanaotaka kila istilahi iwe angavu, yaani msikilizaji akiisikia tu aione maana. Tuyatazame basi maneno matatu ambayo sote tumekwisha kuyakubali.

Neno *vitamini* lilianza kwa Casimir Funk mwaka 1912. Aliliunda kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya uhai na jina la kundi la kemikali ziitwazo amini, kwa kuwa alidhani virutubishi hivyo vyote vilikuwa amini. Havikuwa. Mwaka 1920 Jack Drummond alipendekeza herufi ya mwisho ya neno hilo katika Kiingereza iondolewe ili lisiendelee kudai kisichokuwa kweli, na herufi za alfabeti zitumike kutofautisha vitamini moja na nyingine. Kiswahili kilipolipokea neno, kililipa irabu ya mwisho kwa sababu zake chenyewe za kifonolojia. Irabu aliyoiondoa Drummond kwa hoja ya kemia tumeweka yetu mahali pake kwa hoja ya silabi, na hakuna aliyedhurika.

Neno *protini* lilitokea katika maandishi ya Gerardus Mulder mwaka 1838, kwa pendekezo la Berzelius, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kilicho cha kwanza kwa daraja. Muuguzi wa Kiingereza leo haisikii maana hiyo kama ambavyo muuguzi wa Kiswahili haisikii. Wote wawili wamejifunza neno pamoja na kitu chake.

*Retinoli* imetokana na *retina*, utando wa ndani wa jicho. Hilo ni neno la Kilatini cha karne za kati, lenye mzizi wa maana ya wavu, nalo lilitungwa na watafsiri waliokuwa wakiigeuza istilahi ya waganga wa Kiarabu iliyotokana na *shabaka*. Shabaka tunayo katika Kiswahili, nayo ni wavu. Basi neno tunalodhani ni geni kabisa lina ndugu yake katika msamiati wa pwani yetu. Sisemi tuiache retinoli tuunde neno jipya kutoka shabaka. Nasema tu kwamba neno la mkopo lina nasaba, na lugha zote za sayansi zimeishi kwa kukopa.

Hata hivyo, mkopo unaokubalika unaweza kuleta mtego mwingine. Katika Kiswahili cha shuleni na cha kliniki, protini ni aina ya chakula: maharage, samaki, nyama, mayai, vyakula vya kujenga mwili. Katika Kiswahili cha maabara, protini ni molekuli moja mahususi yenye kazi yake. Mama akiambiwa kwamba mtoto wake amepimwa protini katika damu ikaonekana ni kidogo, ataelewa kwamba amwongezee maharage. Kumbe kilichokuwa kikitafutwa ni vitamini A, na ushauri ufaao ungetaja maembe, mapapai, mchicha, ini, mawese au viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Tatizo hili halitokani na ukosefu wa neno. Neno lipo, lina maana mbili, na mzungumzaji hakumwambia msikilizaji anaikusudia ipi.

4. Kufunga, kunasa, kubeba, kufumbata

Sasa tufike kwenye kiini cha jina. Kiingereza hutumia kitenzi *bind*, ambacho mfasiri wa haraka atakigeuza kuwa *funga*. Matokeo yake yatakuwa "protini inayofunga vitamini A". Msikilizaji wa Kiswahili atasikia nini? Kinachofungwa hakiendi. Mfungwa hufungwa, mlango hufungwa, mzigo hufungwa kwa kamba. Atadhani kwamba protini hiyo inaizuia vitamini isifanye kazi, na pengine atauliza dawa ya kuifungua. Tafsiri itakuwa imesema kinyume cha ukweli, maana bila ya protini hii vitamini isingetoka katika ini kwenda kunakohitajika.

*Nasa* tunayo katika *kinasasauti*, lakini kunasa ni kwa mtego. *Shika* ni pana mno. *Beba* na *chukua* zinaeleza safari vizuri, na jina *protini chukuzi* lingefaa kwa kuelezea kazi, ila halisemi jinsi mzigo unavyokaa.

Kitenzi kinachokaribia zaidi umbo lililoonekana mwaka 1984 ni *fumbata*. Kufumbata ni kukiweka kitu kiganjani na kukizungushia vidole, kikawa ndani, kimehifadhika, wala hakikugandishwa. Mkono ukifumbuliwa, kitu hutoka kama kilivyoingia. Ndivyo retinoli ilivyo ndani ya pipa lake: haikuunganishwa na protini kwa kifungo cha kemikali cha kudumu, bali imekaa katika uvungu unaoifaa, na hutoka ifikapo kwenye seli. Mwaka 2007 watafiti walikitambua kipokezi kilicho juu ya seli, kiitwacho STRA6, ambacho huipokea vitamini hiyo kutoka kwa mbebaji wake. Kiswahili kina hata muundo wa kuundia jina: *kipazasauti*, *kinasasauti*, *kifunguakinywa*. Kwa kufuata muundo huo huo wa kiambishi *ki-*, kitenzi na nomino, tungepata *kifumbata-retinoli*.

Je, tuitangaze istilahi hiyo? Mwanaistilahi mwangalifu atasita, nami nasita pamoja naye. Sayansi haina protini moja tu ya aina hiyo. Ziko zinazoshikamana na kalisi, na ziko zinazoshikamana na DNA, na hizi za DNA si zote zinazofumbata kitu. Baadhi yake hukaa juu ya uzi wa DNA kama ndege juu ya waya. Kwa Kiingereza zote hubeba kitenzi kimoja, na mwanafunzi huziona mara moja kuwa ni ukoo mmoja. Tukiipa kila moja kitenzi chake kizuri, tutapata uangavu na kupoteza mfumo.

Kwa jina la ukoo napendekeza *fungamana*. Kitenzi hiki kimekwisha kufanya kazi nzito katika Kiswahili cha siasa, pale tunaposema juu ya nchi zisizofungamana na upande wowote. Kila msikilizaji anaelewa kwamba kufungamana ni uhusiano wa pande mbili, ambao mtu huingia na aweza kutoka. Kiambishi *-mana* kimeondoa ule ujela uliomo katika *funga*. Kwa hiyo istilahi rasmi iwe *protini fungamani na retinoli*, na kwa mfano huo tuwe na protini fungamani na kalisi, protini fungamani na DNA, na kadhalika. Lakini mwalimu anapoeleza darasani, au mwandishi anapoandika makala kwa wasomaji wa kawaida, atumie *fumbata*. Istilahi ina kazi ya kupanga vitu katika rafu, na kitenzi cha maelezo kina kazi ya kuvionyesha. Tumezoea kuitaka istilahi moja ifanye kazi zote mbili, kisha tunailaumu inaposhindwa.

5. Kiunganishi -a na "protini ya binadamu"

Neno linaloonekana jepesi kuliko yote katika lebo ni lile linalosema *ya binadamu*. Wanafunzi wa sarufi wanajua mzigo wa kiunganishi *-a*. Kikombe cha Asha ni cha mmilikaji. Kikombe cha udongo ni cha malighafi. Kikombe cha chai ni cha matumizi. Kikombe cha China ni cha asili. Muktadha ndio unaoamua.

"Protini ya binadamu" basi ni ya namna gani? Msikilizaji ambaye hajaelezwa atachagua asili au malighafi: imetolewa kwa binadamu. Atajiuliza ni binadamu yupi, alitolewa lini, na kama aliridhia. Ukweli ni kwamba hakuna mtu aliyetoa chochote ili kichupa hicho kijazwe. Kilicho cha binadamu ni mfuatano wa asidi amino, yaani mpangilio uliomo katika jeni ya binadamu. Aliyeitengeneza protini yenyewe aghalabu ni bakteria *E. coli*, au seli zilizooteshwa maabarani. Usemi ulio sahihi ni *protini yenye mfuatano wa binadamu*. Ni maneno mawili ya ziada. Katika lugha ya mikataba maneno mawili ya ziada hayamsumbui mtu. Sioni kwa nini yatusumbue katika lugha ya sayansi.

6. Rekombinanti na upatanisho wa ngeli

Katika Kiingereza kivumishi *recombinant* hukaa mbele ya nomino *protini* bila ya kuulizwa lolote. Tukikigeuza kuwa *iliyounganishwa upya*, tunapata "protini iliyounganishwa upya". Sarufi imekamilika, upatanisho ni sahihi, na sentensi si ya kweli. Kiambishi *i-* kinarejelea protini, hivyo kinadai kwamba protini ndiyo iliyokatwa na kuunganishwa. Sivyo. Kilichokatwa na kuunganishwa ni DNA. Nakala ya jeni ya binadamu huunganishwa na kipande cha DNA kinachoweza kuishi ndani ya bakteria, kisha bakteria huyo huisoma jeni na kutengeneza protini. Protini ni tunda la muungano huo. Si yenyewe iliyounganishwa.

Kivumishi cha Kiingereza kimehamishwa kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na kwa kuwa hakina kiambishi cha upatanisho, hakuna anayekidai hesabu. Katika Kiswahili ngeli hukidai hesabu mara moja. Wenzetu wengine huiona ngeli kuwa ni kikwazo cha uundaji wa istilahi. Katika mfano huu ngeli ni mkaguzi, na mkaguzi huyu amegundua kasoro ambayo lugha ya asili ya istilahi iliipitisha.

Mbinu hii ya kuunganisha DNA ilidhihirishwa na Stanley Cohen na Herbert Boyer mwaka 1973. Mwaka 1978 insulini yenye mfuatano wa binadamu ilitengenezwa kwa bakteria, na mwaka 1982 ikaidhinishwa kuwa dawa nchini Marekani. Wagonjwa wengi wa kisukari, hapa kwetu na kwingineko, hujidunga insulini ya namna hiyo. Kwa hiyo kitu tunachokitafutia jina si kigeni. Kimo katika majokofu ya majirani zetu.

Jina linalofaa, kwa maoni yangu, hutokana na *pandikiza*. Mkulima wa mpunga hupandikiza miche kutoka kitaluni kwenda kwenye jaruba, na daktari hupandikiza figo. Tukisema *protini ya jeni pandikizi*, tumekiweka kitendo mahali kilipotendeka, yaani kwenye jeni. Tofauti moja ieleweke: mche ukihama huacha shimo kitaluni, na figo ikihama mtoaji hubaki na moja. Jeni haihamishwi, hunakiliwa, na aliyenakiliwa hapungukiwi na kitu. Nashauri pia tushikamane na *jeni*. Neno *kinasaba* ni zuri na lina mzizi tunaoujua, lakini umma umekwisha kulitumia katika wingi, *vinasaba*, kwa maana ya jeni na kwa maana ya DNA yenyewe, kama katika kipimo cha vinasaba kinachotajwa mahakamani. Istilahi yenye maana mbili katika sentensi inayohitaji kuzitofautisha maana hizo hizo haitatufaa.

Niruhusuni hapa nionyeshe pale ambapo Kiswahili kina utajiri usiohitaji mkopo wowote. Protini hufanya kazi ikiwa imejikunja ipasavyo. Protini yetu ina madaraja matatu ya salfa yanayoshikilia mikunjo yake, na ndani ya *E. coli* madaraja hayo mara nyingi hayajengeki sawasawa, hivyo protini hurundikana ikiwa na umbo lisilofaa. Watafiti hulazimika kuikunjua yote, kisha kuiacha ijikunje upya mbele ya retinoli. Tazameni: *kunja*, *kunjika*, *kunjua*, *kunjuka*, *kunjamana*, *mkunjo*. Mzizi mmoja na viambishi vyake umetupa kitendo, hali, kinyume cha kitendo, kinyume cha hali, kasoro na jina. Protini iliyokunjika ni nzima; iliyokunjamana imeharibika. Mwanafunzi wa kidato cha tatu ataielewa sura nzima ya biokemia kwa kitenzi alichokijua tangu alipofundishwa kukunja nguo zake.

7. Utafiti na uchunguzi

Sehemu ya mwisho ya lebo ni onyo: kwa utafiti wa maabara tu. Kisheria onyo hilo hutenganisha bidhaa ya watafiti na bidhaa ya wagonjwa. Kilichomo hakikuidhinishwa kutibu mtu wala kutambulisha ugonjwa wake.

Hapa historia yetu wenyewe inatuwekea jiwe njiani. Mwaka 1964 kiliundwa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, na mwaka 1970 kikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, ambayo mwaka 2009 iliingia katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Katika majina ya awali, *uchunguzi* ndio uliokuwa utafiti wa kitaaluma. Leo *utafiti* umeshika nafasi hiyo, na *uchunguzi* umeelemea polisi na hospitali. Mgonjwa huambiwa aende kwenye uchunguzi wa maabara, na maana yake ni kupimwa ili ugonjwa wake ujulikane. Mfasiri atakayeandika "kwa uchunguzi wa maabara tu" atakuwa ameruhusu kile hasa kinachokatazwa. Tafsiri salama itaje makatazo waziwazi: *Kwa utafiti tu. Isitumike kutibu wala kupima wagonjwa.*

8. Mwenye damu

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tuhangaike, ikiwa wanaokisoma kichupa ni wanasayansi waliosomeshwa kwa Kiingereza? Jibu ni kwamba kichupa hakikai peke yake. Katika utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa Tanzania wa mwaka 2010, matone ya damu ya watoto wa miezi 6 hadi 59 na ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 yalikaushwa kwenye karatasi maalumu, na protini hii ndiyo iliyopimwa. Takriban theluthi moja ya watoto walionekana kupungukiwa na vitamini A. Uganda nayo imetumia kipimo cha aina hiyo katika tafiti zake za kitaifa. Matokeo kama haya huongoza sera za matone ya vitamini na urutubishaji wa mafuta ya kula. Kila namba katika majedwali hayo ilianza kwa mama aliyeombwa, katika lugha anayoielewa, akubali kidole cha mtoto wake kichomwe.

Anayeomba damu katika Afrika Mashariki anaingia katika historia ndefu ya hofu. Neno *mumiani* limo katika kamusi zetu, na uvumi wa watu wanaonyonywa damu ili itengenezewe dawa umeenea tangu enzi za ukoloni. Mwanahistoria Luise White aliutolea kitabu kizima mwaka 2000. Sasa fikirini mtafiti anayemwambia mama huyo: "Tunafunga vitamini ya damu yake, tunailinganisha na protini ya binadamu iliyounganishwa upya, kwa ajili ya uchunguzi." Kila neno limo kamusini. Sentensi nzima ni mumiani mtupu.

Linganisheni na maelezo haya: "Vitamini A husafiri katika damu ikiwa imefumbatwa na protini inayotengenezwa na ini. Protini hii si ile ya chakula. Tukijua kiasi chake, tunaweza kukadiria kama watoto wa eneo hili wana vitamini A ya kutosha. Tutachukua matone machache kidoleni na kuyakausha kwenye karatasi. Maabarani tutayalinganisha na protini ya mfano wake iliyotengenezwa na bakteria; haikutolewa kwa mtu. Maambukizi kama malaria huweza kuishusha protini hii kwa muda, kwa hiyo tutapima pia dalili za maambukizi. Una haki ya kukataa." Hakuna kilichorahisishwa hapo hadi kupoteza ukweli. Mtu aliyeyasikia hayo akakubali, amekubali kitu anachokijua. Aliyeisikia sentensi ya kwanza akakubali, ametii tu.

9. Hitimisho

Mabibi na mabwana, kazi ya istilahi za sayansi katika Kiswahili haianzi leo. Mwaka 1990 TUKI ilichapisha *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia*, na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limesanifu maneno mengi. Tumepata *kingamwili*, *kimeng'enya* na *usanisinuru*, ambayo yamekaa. Mwaka 2020, haja ilipobisha hodi, *barakoa*, iliyokuwa vazi la uso la wanawake wa pwani na Omani, ilipewa kazi mpya kwa muda wa majuma tu.

Nililotaka kuliongeza ni dogo. Orodha ya maneno yaliyolinganishwa, la Kiingereza kushoto na la Kiswahili kulia, haitoshi, kwa kuwa makosa makubwa niliyoyaonyesha leo hayakutokea ndani ya neno. Yametokea katika kiunganishi, katika kiambishi cha upatanisho, katika uteuzi wa kitenzi. Hayo ni maeneo ya mwanaisimu. Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wa Kiswahili waliomo ukumbini waende kwenye maabara zilizo ng'ambo ya bustani hii, wakae na wenzao wa biokemia, waulize kila kitu kinafanya nini kabla ya kuuliza kinaitwaje. Nao wanabiokemia wasilione swali la mwanaisimu kuwa ni la mapambo. Akiuliza "ni protini iliyounganishwa, au ni jeni?", ameuliza swali la sayansi, na sarufi ya Kiswahili ndiyo iliyomfundisha kuliuliza.